Zimwi Lililotoka Baharini

Kila taifa lina zimwi lake. Katika ngano tulizosimuliwa utotoni zimwi lilikaa msituni, lilimeza watu na mifugo, na mwisho lilikatwa kidole wakatoka wazima wote liliowameza. Tulisikiliza, tukaogopa, tukafurahi, tukalala. Hatukuuliza zimwi lile lilizaliwa wapi, wala lilizaliwa na nani. Lakini hofu haizaliwi pasipo mzazi. Nyuma ya zimwi aghalabu hujificha msiba wa kweli, njaa au tauni au vita, ambao watu walishindwa kuutaja kwa jina lake wakauvika meno na mkia. Mazimwi mengi ni ya kale mno hata wazazi wake hawajulikani tena. Insha hii ni habari ya zimwi moja ambalo mwaka wa kuzaliwa kwake unajulikana, na mzazi wake pia. Huko Japani huitwa Gojira, jina lililoungwa kwa maneno mawili ya Kijapani, moja lenye maana ya sokwe na jingine nyangumi. Nje ya Japani huitwa Godzilla.

Mimi na walimu wenzangu chuoni tuliazimu kuziona picha za sinema za Gojira kwa mfuatano wake, moja kila juma. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuziona kabla ya hapo. Tulianza na ile ya kwanza, iliyotolewa Japani tarehe 3 Novemba 1954, picha isiyo na rangi ila nyeusi na nyeupe. Tuliketi kwa kucheka. Tulijua kuwa ndani ya ngozi ile ya mpira mlikuwa na mtu, na kuwa majumba aliyoyaangusha hayakumpita kimo. Zimwi lilipochungulia mara ya kwanza juu ya kilima tulicheka zaidi. Kisha ikaja sehemu ya hospitali. Majeruhi wamelazwa sakafuni kwa safu. Mtoto mdogo anapitishiwa chombo cha kupimia miali ya sumu isiyoonekana kwa macho, iitwayo mnururisho. Chombo kinalia, na mpimaji anatikisa kichwa. Hapo kicheko chetu kilikoma. Wajapani waliokuwa katika majumba ya sinema mwaka ule hawakuhitaji kuelezwa maana ya kichwa kile kilichotikiswa. Sisi tulihitaji, na mwenye kueleza ni historia.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya mji wa Tokyo, na watu wapatao 100,000 walikufa katika usiku mmoja. Tarehe 6 Agosti mwaka huo huo bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima, na tarehe 9 Agosti jingine liliangushwa Nagasaki. Japani ilisalimu amri, ikawa chini ya majeshi ya washindi mpaka Aprili 1952. Katika miaka hiyo magazeti, vitabu na picha za sinema vilikaguliwa, na mateso yaliyoletwa na mabomu hayakuweza kuelezwa kwa uhuru. Taifa likawa kama mfiwa aliyekatazwa kulia mbele za watu.

Miaka miwili tu baada ya katazo hilo kwisha, msiba ulirudi kwa njia ya bahari. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki. Wataalamu walitazamia nguvu kadiri ya megatoni 6. Bomu likapasuka kwa nguvu ya megatoni 15, yaani kama mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Mbali kadiri ya kilomita 130, nje ya mpaka wa hatari uliokuwa umetangazwa, palikuwa na chombo cha wavuvi wa jodari, Daigo Fukuryu Maru, chenye mabaharia 23. Waliona mwanga upande wa magharibi, ambako jua halichomozi. Baada ya saa chache majivu meupe yalianza kuwaangukia, nao hawakujua ni kitu gani. Waliporudi bandari ya Yaizu tarehe 14 Machi walikuwa wagonjwa, ngozi zao zimeungua na nywele zao zinanyonyoka. Jodari waliovuliwa katika bahari ile waligunduliwa kuwa na sumu, na wanunuzi waliogopa samaki. Aikichi Kuboyama, mtumishi wa simu ya upepo katika chombo hicho, alifariki tarehe 23 Septemba 1954, umri wake miaka 40. Picha ya Gojira ilionyeshwa siku 41 baadaye.

Sasa mzazi wa zimwi amekwisha julikana. Mtu wa kwanza kuliwaza zimwi lenyewe alikuwa Tomoyuki Tanaka wa kampuni ya Toho, ambaye mpango wake wa kupiga picha nyingine huko Indonesia ulikuwa umevunjika. Mwongozaji alikuwa Ishiro Honda. Honda alikuwa amepigana China kama askari, na aliporejea kwao mwaka 1946 alipita Hiroshima akaona kilichobaki. Nia yake ilikuwa kuupa mnururisho umbo, ili kisichoonekana kwa macho kipate kuonekana. Fundi wa hila za picha, Eiji Tsuburaya, aliipenda sana picha ya King Kong ya mwaka 1933, ambayo ndani yake mnyama alikuwa mwanasesere aliyesogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha kila aliposogezwa. Tsuburaya hakuwa na muda wala fedha za kazi hiyo. Kwa hiyo alimvika mtu, Haruo Nakajima, ngozi nzito ya mpira ambayo ndani yake hakuweza kustahimili joto ila kwa dakika chache. Mji mdogo ulijengwa kwa kipimo cha sehemu moja katika 25, na kamera ikaenda kwa kasi kuliko desturi, ili picha zikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida hatua za zimwi zionekane nzito. Mngurumo wake mtunga muziki Akira Ifukube aliupata kwa kusugua nyuzi zilizolegezwa za fidla kubwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari. Uhitaji ni mwalimu mkali, lakini wanafunzi wake hujifunza.

Hadithi yenyewe inaanza na chombo cha baharini kinachoteketea katika mwanga wa ghafula. Mtazamaji wa mwaka 1954 alijua mara moja ni chombo gani kinachokumbukwa. Mtaalamu Yamane anagundua kuwa mnyama wa zama za kale ameamshwa na majaribio ya mabomu, naye analipasha Bunge habari hiyo. Hapo pana mabishano ambayo nawasihi wanafunzi wayatie moyoni. Mjumbe mmoja anataka jambo lifichwe, lisije likavuruga uhusiano na mataifa mengine. Wanawake waliomo wanapiga kelele kwamba kweli haina budi kutangazwa. Gojira anaingia Tokyo usiku, na mji uliokuwa umejengwa upya kwa miaka 9 unaungua tena. Mwisho kijana mtaalamu Serizawa, mwenye jicho moja, anakiri kuwa amevumbua kitu cha kuondoa oksijeni majini, kiwezacho kuua kila kiumbe kilichomo. Anaogopa kukitumia, kwa kuwa wakubwa wakikiona watakifanya silaha mpya. Anakubali kukitumia mara moja tu. Kwanza anachoma karatasi zake zote; kisha anashuka baharini, analiua zimwi, na kuikata kamba yake mwenyewe asipande tena, ili siri ife pamoja naye. Watu wanashangilia, lakini mzee Yamane hashangilii. Anaonya kuwa majaribio yakiendelea, Gojira mwingine atatokea mahali pengine duniani.

Watu zaidi ya milioni 9 walilipa kuiona picha hiyo Japani. Baadhi ya wahakiki walilaumu kwamba msiba wa taifa umefanywa biashara. Lawama hiyo haikosi uzito, kwani tiketi ziliuzwa na faida ikapatikana. Lakini mfiwa aliyenyimwa matanga hulia popote apatapo nafasi, hata ikiwa ni gizani katika nyumba ya sinema.

Mwaka 1956 picha ilipelekwa Marekani, na yaliyotendeka huko ni somo peke yake. Ilikatwa, ikashonwa upya pamoja na sehemu mpya za mwandishi wa magazeti Mmarekani, zilizochezwa na Raymond Burr. Picha ya dakika 96 ikawa ya dakika 80. Katika ile ya kwanza abiria mmoja wa kike ndani ya gari la moshi anataja jinsi alivyookoka Nagasaki. Katika hii ya pili maneno yake hayamo. Onyo la Yamane nalo halimo: mahali pake mwandishi yule anasema kwamba hatari imekwisha na dunia yaweza kuishi tena. Mabishano ya Bunge yaliyokuwa ndani ya hadithi yakawa ndiyo majaliwa ya hadithi yenyewe, na safari hii waliotaka kuficha walishinda. Ilibidi miaka 50 ipite, mpaka mwaka 2004, ndipo picha ya asili ilipoonyeshwa kwa wingi katika majumba ya sinema ya Marekani. Waliotangulia walicheka zimwi la mpira, nao hawana kosa: ushahidi ulikuwa umeondolewa kabla hawajaketi.

Tuliendelea juma kwa juma, tukaona zimwi likibadilika. Mwaka 1962 Gojira alipigana na King Kong, kwa mara ya kwanza katika picha ya rangi, na mapigano yakawa mchezo wa kuchekesha. Mwishoni mwa mwaka 1964 aliungana na wengine kumpiga joka la vichwa vitatu kutoka angani, na tangu hapo akawa mlinzi wa Japani na rafiki wa watoto. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Taifa lililokuwa likijenga viwanda na kustawi lilikuwa limelizoea zimwi lake. Lakini hata katika miaka ya mchezo hofu haikufa. Ilibadili mavazi tu. Mwaka 1971 adui aliyetoka majini alikuwa Hedora, lundo la takataka za viwanda, wakati ambapo watu wa Minamata na Yokkaichi walikuwa wakiteseka kwa sumu za viwanda hivyo. Mwaka 1984 Gojira alirudi kuwa mwovu, katika siku za mashindano ya silaha kati ya Marekani na Urusi. Mwaka 2016 alirudi tena, miaka 5 baada ya tetemeko, mawimbi na ajali ya mtambo wa nguvu za atomiki wa Fukushima. Na katika picha hiyo wakubwa wa serikali wanakaa mikutanoni huku mji ukiteketea. Picha ya mwaka 2023 ilirudisha hadithi katika miaka ya kwanza baada ya vita, na mwaka 2024 ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wa hila za picha.

Hata hivyo shahidi huyu asisikilizwe bila ya kuulizwa maswali. Picha ya mwaka 1954 inalia kwa yale ambayo Japani ilitendewa. Haisemi yale ambayo Japani iliwatenda watu wa China na nchi nyingine za Asia, ingawa mwongozaji alikuwa askari huko. Haiwataji wenyeji wa kisiwa cha Rongelap, jirani ya Bikini, ambao majivu yale yale yaliwaangukia na ambao walihamishwa siku mbili baadaye. Mfiwa naye huweza kumsahau mfiwa mwenziwe. Baadhi ya wazee wa Kenya walipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944, katika jeshi la King's African Rifles. Walirudi wakimjua Mjapani kwa bunduki yake tu, wala hawakupata nafasi ya kumwona akilia. Mjukuu wa askari huyo aweza leo kuona mambo mawili pamoja, ukali wa adui na uchungu wake, na asilazimike kusahau moja ili akumbuke la pili.

Basi wewe msomaji, siku utakapoketi kutazama mfululizo huu kwa mara ya kwanza, anza na picha ya kwanza, nayo iwe ile isiyokatwa. Cheka ukipenda, maana mpira ni mpira. Lakini kabla hujainuka jiulize: picha hii ilipotungwa, nani alikuwa akilia, na nani alitaka asisikike? Swali hilo lafaa kwa ngano za bibi zako pia. Huko Tokyo, mahali paitwapo Yumenoshima, chombo kile cha wavuvi kimewekwa ndani ya nyumba tangu mwaka 1976, na kila atakaye hukitazama. Ni chombo cha mbao, si kikubwa, wala hakimtishi mtu. Zimwi lilibuniwa, lakini majivu yaliyoanguka juu ya sitaha ile hayakubuniwa na mtu.