Kadhi aliyegeuka meya

Ukisoma habari za Sevilla au Granada, katika jimbo la Andalusia kusini mwa Hispania, hukosi kumkuta alcalde. Ni meya, mtu wa taka, taa za barabarani na bajeti ya mji. Mvue ile "al" ya Kiarabu, utamwona kadhi wetu. Waislamu waliingia huko mwaka 711. Granada ikaanguka 1492, watawala wakaondoka, cheo kikabaki. Chini ya wafalme wa Kikristo alcalde aliendelea kuamua kesi huku akiongoza mji, hata hukumu zikamtoka, uongozi ukabaki. Kadhi wa Mombasa, yeye, angali na ndoa, talaka na mirathi. Neno jingine lililotoka Kiarabu, azúcar, yaani sukari, halikupata misukosuko hiyo.