Hasheem Thabeet

Hasheem Thabeet (amezaliwa Dar es Salaam, 16 Februari 1987) ni mchezaji wa mpira wa kikapu na Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA ya Marekani. Ana urefu wa mita 2.21 na hucheza nafasi ya senta.

Alianza kucheza akiwa kijana jijini Dar es Salaam, kisha akaenda Marekani kusoma. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut (2006–2009) alisifika kwa ulinzi: dhidi ya timu ya Providence, mwaka 2009, alizuia mitupo 10 katika mchezo mmoja.

Mwaka huohuo timu ya NBA ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi hiyo, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Lakini hakukaa sana Memphis. Msimu wa kwanza tu alipelekwa kwa muda katika timu ya ligi ya chini, Dakota Wizards. Baadaye alihamia Houston Rockets (2011), Portland Trail Blazers (2012) na Oklahoma City Thunder (2012–2014), mara nyingi akianzia benchi. Baada ya NBA alicheza ligi ya chini, kisha Japani na Taiwan.