Gesi ya 1982, hifadhi ya 2000

Wadau, Songea na bahari wapi na wapi? Hapa Ruhuwiko nimeshaulizwa hilo mara kadhaa. Jibu ni Mto Ruvuma. Unaanzia hapa hapa kwetu, milima ya Matogoro, unafuata mpaka wa Msumbiji hadi unamwaga maji Bahari ya Hindi, mkoani Mtwara. Na pale unapomwagia maji pana historia ya kuangalia kwa makini.

Mwaka 1982 kampuni ya AGIP ya Italia iligundua gesi Ghuba ya Mnazi, kwenye rasi ya Msimbati. Soko halikuwepo, kisima kikafungwa, watu wakaendelea na nyavu na minazi yao. Mwaka 1994 Bunge likapitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Mafia ikatangulia mwaka 1995, na mwaka 2000 ikaundwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma: takriban kilomita za mraba 650 za matumbawe, mikoko na majani ya bahari, pamoja na vijiji vyenye watu ndani yake.

Sasa tazama huo mfuatano. Serikali ilipochora ramani ya hifadhi ilijua fika kwamba chini kuna gesi. Kwangu hilo si kosa, maana sheria yenyewe haikukusudia kufukuza watu wala shughuli zao, bali kuzipangia mahali. Tatizo ni nani alibanwa kwanza. Mvuvi alibanwa juu ya nyavu na maeneo ya kuvulia (baruti sina ubishi, ipigwe marufuku hata kesho). Kisha Artumas ya Kanada ikafufua mradi, na mwaka 2006 gesi ya ndani ya hifadhi ikaanza kuzalisha umeme Mtwara. Sheria ya Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi. Haimdai mtu aeleze mvuvi atafidiwaje kwa subira yake.

Ndiyo maana vurugu za Mtwara za 2013, zilizogharimu maisha ya watu, hazikuwa za kutetea matumbawe. Watu waligomea bomba la kwenda Dar es Salaam, wakihofia gesi itaondoka na wao wabaki walivyo. Bomba lilikamilika mwaka 2015.

Ng'ambo, upande wa Msumbiji, gesi nyingi zaidi iligunduliwa kuanzia 2010. Mikoko ya maingilio hayo imeota kingo zote mbili. Hifadhi yetu inaishia mpakani.