Uhuru, kutoka Ngomeni hadi Wingu Dogo

Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi huko Marekani, na kwa dakika chache ilizokaa juu ikanasa eksirei zitokazo mbali kupita Jua na sayari zake. Kutoka chini hazipimiki, kwani hewa ya dunia huzizuia. Ilitakiwa satelaiti.

Ikarushwa kwenye pwani yetu ya Waswahili. Waitalia wa Profesa Luigi Broglio walikuwa na jukwaa la chuma, San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na tangu 1967 walikuwa wakirushia hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, satelaiti yenye kilo zipatazo 140 ikapaa. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo NASA, akaiita Uhuru. Iliifuata ikweta, mzunguko mmoja kwa dakika 96 hivi, hivyo kutwa na kucha ilikatiza mara kwa mara anga ya kaskazini ya delta ya Rufiji.

Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Kinachonishika zaidi ni Centaurus X-3. Hupwita kila sekunde 4.8, na kila siku 2.1 hufichika, kisha hurudi. Ni nyota ya nutroni, mabaki ya nyota iliyolipuka, inayozungukana na nyota kubwa mno na kuinyonya gesi. Gesi hiyo ikiporomoka hupata joto la mamilioni ya digrii, ndipo eksirei hutoka.

Nyota kubwa hivyo huishi miaka milioni chache hadi makumi ya mamilioni tu. Jua letu lina miaka bilioni 4.6 na bado linawaka. Basi galaksi yenye jozi nyingi za aina hii imezaa nyota juzijuzi. Mwaka 2003 Grimm, Gilfanov na Sunyaev walilifanya wazo hilo kipimo: eksirei za jozi hizo hueleza galaksi inazaa nyota kwa kasi gani, hata ikiwa mbali mno.

Mtu wa delta ya Rufiji anaweza kuiona galaksi ya namna hiyo kwa macho yake. Oktoba au Novemba, usiku wa giza, atazame kusini: kuna kiwaa cheupe, Wingu Dogo la Magellan. Ni dogo sana likilinganishwa na galaksi yetu, lakini lina jozi kama mia moja, kwa sababu makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita lilizaa nyota kwa wingi. Mojawapo, SMC X-1, Uhuru iliifuatilia na kuikuta ikifichika kila siku 3.9.