Kundi Linganishi

Mwanafunzi anayeanza kusoma usanifu wa majaribio katika saikolojia ya utambuzi hukutana mapema na kundi ambalo Waingereza huliita "control group". Kwa Kiswahili husikika kundi la udhibiti, kundi dhibiti na kundi linganishi. Makala haya yanaliunga mkono hili la mwisho, kwa sababu ndilo linalotaja kazi ya kundi lenyewe.

Kudhibiti ni kubana. Polisi hudhibiti umati, serikali hudhibiti bei. Akiambiwa kundi la udhibiti, mwanafunzi hudhani ni watu waliowekwa kando wasifanye lolote, na huandika mpango wa utafiti ambamo kundi moja linafundishwa na jingine linaachwa hivi hivi. Neno la Kiingereza lenyewe halikuanza na maana ya kubana: linatokana na neno la Kifaransa cha kale lililotaja daftari la pili, lililowekwa ili kuhakiki la kwanza. Kundi linganishi, basi, ni washiriki wanaotendewa kila kitu wanachotendewa wenzao, isipokuwa lile jambo moja linalochunguzwa.

Tuseme mtafiti yuko Mji wa Kale, Mombasa. Anataka kujua iwapo mtoto wa chuoni, yaani madrasani, anayefunika maandishi na kujaribu kusoma kwa ghaibu hukumbuka zaidi kuliko anayerudia kusoma huku anatazama. Njia nyepesi ni kuchukua chuo kimoja cha Kibokoni kitumie mtindo wa kwanza, na kingine cha Tudor kitumie wa pili. Matokeo yakitofautiana, atayanasibisha na nini? Walimu ni wawili tofauti. Huenda watoto wa huku ni wakubwa kidogo, au husoma asubuhi wakiwa wabichi, na wale huja alasiri wametoka skuli wamechoka. Makundi anayo mawili, lakini mlinganisho hana.

Dawa yake ni kura. Majina ya watoto wote wa chuo kimoja yaandikwe kwenye vikaratasi, vichanganywe, vichotwe bila kuchagua. Nusu waingie kundi hili, nusu lile. Huo ndio ugawaji nasibu. Kura haiwafanyi watoto wawe sawa, bali huondoa upendeleo katika kuwagawa, hivyo wepesi na wazito wa kuhifadhi hutarajiwa kutawanyika pande zote mbili, hasa washiriki wakiwa wengi. Bado kuna mtego: watoto wa chuo kimoja hurudi nyumbani pamoja, na wa kundi la kwanza akimweleza mwenziwe siri ya kufunika maandishi, makundi yameshachanganyika.

Ndiyo maana wakati mwingine hupigiwa kura skuli nzima badala ya mtoto mmoja mmoja. Mfano uko ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Kuanzia 2010, mradi uliojulikana kama HALI ulifanyika katika skuli 101 za msingi za eneo la Kwale, ukiwahusisha watoto zaidi ya 5,000. Baadhi ya skuli zilipangiwa upimaji wa malaria kila muhula, na watoto waliopatikana na vimelea walipewa dawa. Nyingine zilikuwa linganishi. Watafiti walipima upungufu wa damu, umakini na maendeleo ya masomo. Baada ya miaka miwili, skuli zilizopimwa hazikuonyesha nafuu kuliko zile linganishi, si katika upungufu wa damu wala katika umakini. Mtoto hukua, na katika miaka miwili hujifunza mengi hata asipopimwa malaria. Bila skuli linganishi, kila hatua aliyopiga ingeweza kuhesabiwa kuwa tunda la dawa. Katika mradi huo huo, walimu waliopewa mafunzo na ujumbe wa simu wa kuwasaidia kufundisha kusoma waliwainua wanafunzi wao kuliko walimu wa skuli linganishi.

Kuwa linganishi si lazima kuwe kukosa kitu. Mwaka 2008, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo kikuu Marekani walijifunza maneno 40 ya Kiswahili, mashua likiwa mojawapo, pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Makundi yalikuwa manne, na yote yalijifunza orodha ile ile. Kwa kundi moja, neno likishakumbukwa halikusomwa tena ila liliendelea kuulizwa. Kwa jingine, liliendelea kusomwa ila halikuulizwa tena. Baada ya wiki, kundi la kwanza lilikumbuka takriban asilimia 80, la pili asilimia 36. Makundi yote manne yalilinganishwa, na jambo lililoleta tofauti kubwa likawa moja: kuulizwa.

Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu washiriki hawakukijua. Orodha hiyo ukiileta Mji wa Kale haifai kitu, maana mtoto wa huko anaijua mashua kabla hajaanza skuli. Hata orodha ya Kiswahili sanifu ina tahadhari yake. Mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji ulifanyika Mombasa kwenyewe, lakini nyumbani watu waliendelea na Kimvita, lahaja yao. Mtoto akisikia "ndoo" anaweza kufahamu anaambiwa "njoo", si chombo cha maji. Kura ikipigwa baina ya watoto wa Mombasa, taabu hiyo huyapata makundi yote mawili. Lakini wakilinganishwa na watoto wa Nairobi, lahaja itahesabiwa kuwa tofauti ya kumbukumbu.

Neno udhibiti lisitupwe. Lina kazi yake. Mtafiti hudhibiti kelele, muda wa kusoma na urefu wa orodha, ili visibadilike kutoka kundi hadi kundi. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo haya mawili. Sisi tunayo mawili, na sura ya mbinu katika tasnifu itaeleweka zaidi ikiyatenga: hali zimedhibitiwa, makundi yamelinganishwa. Na kila panapotajwa kundi linganishi, sentensi inayofuata iseme lililinganishwa kwa jambo gani, na washiriki waligawanywa vipi.