Kiwanja Kina Muda Wake

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, twaona yafaa tueleze historia ya jambo lililowatia wanachama wengi wasiwasi, nalo ni muda uliowekwa na sheria wa kujenga nyumba. Mtu apewapo kiwanja mjini hapewi ardhi peke yake. Hupewa na siku ya mwisho.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1923 Serikali ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Ardhi iliyoiweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana, na mtu akaweza kupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Haki hiyo ilikuwa na masharti, na aliyeyavunja aliweza kunyang’anywa. Baada ya Uhuru mamlaka hayo yakahamia kwa Rais. Mwaka 1963 milki za kudumu ziligeuzwa kuwa kodisho za Serikali za miaka 99, na mwaka 1969 kodisho hizo nazo zikageuzwa kuwa haki za kumiliki kama zile nyingine. Maana yake ni kwamba ardhi si mali ya kufungiwa ingoje bei ipande, bali ni ya kutumiwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, imeshika njia ile ile.

Masharti ya kawaida katika hati ni matatu. Michoro ipelekwe halmashauri ndani ya miezi 6 tangu haki ianze. Ujenzi uanze ndani ya miezi 6 baada ya michoro kukubaliwa. Na nyumba imalizike ndani ya miezi 36. Yafaa ikumbukwe kwamba miezi hiyo 36 haihesabiwi tangu siku fundi aliposhika mwiko, bali tangu haki yenyewe ilipoanza. Michoro ikikawia mezani, muda wazidi kwenda.

Uingereza nako wana muda wao. Sheria yao ya mwaka 1947 ilimlazimu mjenzi kupata ruhusa kwanza, na ile ya mwaka 1968 ikaiwekea ruhusa hiyo ukomo wa miaka 5. Mwaka 2004 sheria nyingine ilipunguza ukomo huo, kwa kawaida, kuwa miaka 3. Lakini huko hutazamwa kuanza: mtu akichimba mtaro wa msingi kwa kufuata ruhusa na masharti yake, ruhusa haifi. Wao huulizwa, “Umeanza?” Sisi huulizwa pia, “Umemaliza?”

Swali hilo ni zito kwa mwenye kipato kidogo. Tajiri hujenga kwa mkupuo. Sisi hujenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwakani kuta hadi linta, mwaka wa tatu kenchi na bati. Muda ni mmoja kwa wote, lakini mifuko si mmoja. Tumewaona wanachama wakija ofisini na barua ya onyo mkononi, kuta zimesimama na bati hakuna. Hapo ndipo twaona faida ya kuweka akiba pamoja na kununua saruji na nondo kwa pamoja, kabla hati haijatoka.

Sheria haikukosa huruma. Kabla ya kumchukulia hatua aliyevunja sharti, Kamishna wa Ardhi yampasa aangalie uzito wa kosa, sababu zake, na kama sharti laweza kusamehewa au kubadilishwa. Kwa hiyo mwanachama aliyekwama asifiche barua chini ya godoro. Na ajibu mapema, akieleza alipofikia na kilichomchelewesha, na stakabadhi zake azitunze.

Ushirika wenyewe waujua uchungu wa kunyang’anywa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya nchi hii vilivunjwa, na hadi sheria ya mwaka 1982 ndipo vikarudishwa. Mali iliyojengwa kwa miaka mingi yaweza kuondoka kwa siku moja. Basi, ndugu zetu, kila mwenye hati na aisome leo, ahesabu miezi iliyobaki, kisha aje tushauriane kungali mapema.