Kupe, Mzururaji, Gabacholi

Shilingi ikipungua nguvu, mji wa Dar huzua jina jipya la mtu wa kulaumiwa. Tuyafuate majina hayo, msomaji, tuone yamemfikisha wapi mfanyakazi.

Mkoloni aliukata mji huu vipande vitatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo Magomeni, Temeke na Kinondoni zikapanuka: mfanyakazi alale huko, asubuhi aje mjini, jioni arudi. Asiye na kazi aliitwa mhuni, akakamatwa na kurudishwa kwao. Mgeni wa kwanza kufukuzwa Dar, basi, alikuwa Mwafrika mwenyewe.

Bandarini watu waliajiriwa kwa siku, kwa kikaratasi. Ndiyo maana tunasema kibarua: barua ndogo. Septemba 1947 watu hao waligoma. Moto ukashika reli, ukapanda bara mpaka miji ya mbali. Dai lao kubwa lilikuwa mshahara, na nyongeza ikapatikana. Mwaka 1950 wakagoma tena; safari hii wakapambana na polisi, na chama chao kikavunjwa.

Uhuru ulikuja na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, ambalo Rashidi Kawawa aliwahi kuwa katibu mkuu wake. Lakini sheria ya 1962 iliufanya mgomo halali kuwa karibu hauwezekani. Januari 1964 wanajeshi walipoasi, viongozi kadhaa wa vyama walitiwa ndani, TFL ikafutwa, ikaja NUTA, chama kimoja tu, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Sasa mfanyakazi aliyeonewa amshitaki nani, na kwa nani?

Azimio la Arusha, 1967, likampa jina: kupe. Kupe ni yeyote anayekula jasho la mwenzake, hata awe mweusi tii. Ila mitaani jina hilo lilipewa rangi. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yalipotaifishwa, wengi wa walionyang'anywa walikuwa Wahindi, na wengi wao wakahama nchi. Mlalahoi wa Temeke aliendelea kupanga chumba kimoja uani.

Mwaka huohuo ulitoka Mwongozo wa TANU, ukikataza viongozi kuwa na dharau na uonevu. Wafanyakazi waliuamini kikweli. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, hapahapa Dar, walimtoa mwenye mali wakaendesha kiwanda wenyewe. Wenzao wa viwanda vingine walipotaka kuiga, serikali ikasema imetosha.

Kufika 1983 maduka yalikuwa matupu. Jina likageuka: mzururaji. Kampeni ya Nguvukazi iliwakamata wasio na kitambulisho cha kazi na kuwapeleka mashambani. Kijana aliyetoka mkoani kutafuta riziki akawa mgeni tena, safari hii mbele ya serikali yake mwenyewe. Jamani, tofauti yake na yule mhuni wa mkoloni iko wapi?

Halafu Januari 1993. Mchungaji Christopher Mtikila alihutubia, na jina likawa gabacholi, Mhindi aliyemeza nchi. Watu wakaingia mitaani, wakarusha mawe kwenye magari. Lakini miaka miwili kabla, Februari 1991, chama tawala kilikaa Zanzibar kikalegeza masharti ya Arusha: kiongozi ruksa kuwa na mishahara miwili, hisa, na nyumba za kupangisha. Kigogo alijiruhusu kimyakimya, na mawe yakaenda Uhindini.

Simtetei tajiri wa Kihindi anayempunja kuli wake. Nasema hivi: mwaka 1947 watu walihesabu mshahara, bwana mkubwa akasikiliza. Mwaka 1993 walihesabu rangi, na hakuna kuli aliyeongezewa senti.

Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo saluni na ufundi wa simu. Kariakoo wapo walioshangilia, na machinga ana haki ya kulinda meza yake. Ila yule dada anayesuka nywele kwenye saluni ya mtu, tajiri akibadilika, ujira wake utabadilika?

Mshikaji mwenye kalamu, nenda Keko, nenda Chang'ombe. Wapo wazee waliofanya kazi viwandani enzi za Mwongozo. Waulize walilipwa ngapi, nani aliwalipa, na nani aliwasaliti. Andika kabla hatujawazika.